Aliyethibitisha Jumanne

Mdogo wangu alizikwa mwezi wa tano, na mpaka mwezi wa saba alikuwa bado anajibu barua.

Aliyekuwa akizijibu ni mimi. Nalisema mapema ili asiwepo wa kutafuta mzimu. Nafanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa kopi, mkabala na geti la chuo. Tuna kompyuta mbili, mashine ya kopi inayokwama ikipata joto, na kabati la karatasi ambalo mlango wake hufungwa kwa kuegemezwa kiti. Mimi niliishia kidato cha nne. Mdogo wangu aliendelea, akaingia chuo hicho cha mkabala, na alikuwa mwaka wa tatu akisomea mambo ya maji: visima, mabomba, namna ya kuyasafisha. Nyumbani tulimwita Kiherehere, kwa kuwa alizaliwa wiki tano kabla ya siku zake na tangu hapo hakuwahi kusubiri kitu.

Habari ya kwenda kusoma nje ilianza na tangazo alilolibandua ubaoni. Hakulinakili, alilibandua lote ili wengine wasilione. Jioni akaona aibu, akaja kuomba gundi akalirudishe. Chuo cha kule kilikuwa kinachukua mwanafunzi mmoja wa idara yao kwa mwaka mmoja, chumba na masomo juu yao. Kuanzia siku hiyo, kila kipindi cha mwisho kilipokwisha, alivuka barabara, akaketi juu ya boksi la rimu nyuma ya kiti changu, akasema, nami nikachapa. Yeye kwenye kibodi alikuwa kama kuku anayedonoa, vidole viwili tu. Lugha ya kule mimi niliijua ya darasani, basi maneno magumu alinitajia herufi moja moja, na nikikosea alinizaba kofi dogo la kisogoni. Anwani yake ya barua pepe niliifungua mimi. Neno la siri nililiweka mimi. Barua zote za kule ziliingia katika kompyuta ya dirishani, ninayokaa.

Alichaguliwa, akajiandaa kama anayekwenda vitani. Alikuwa na daftari alimoandika umbali wa kutoka bwenini hadi maktaba kwa hatua, akihesabu kutoka kwenye ramani. Alikwenda kwa jirani akafungua jokofu na kuingiza kichwa ndani, eti anazoea baridi, mpaka jirani akamwambia baridi ile ina mwenyewe, akazoelee kwingine. Mama, ambaye hushona sare za shule pale nyumbani, alimshonea koti la bitana mbili kwa kukisia tu, maana hakuna kati yetu aliyewahi kuona mtu aliyelihitaji koti la namna hiyo.

Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa rafiki yake, msichana mrefu wa idara hiyo hiyo tuliyemwita Twiga. Akiingia dukani, Kiherehere alimwuliza kama huko juu mvua imeshaanza. Twiga aliwekwa akiba. Wa kwanza akijitoa, nafasi ni yake. Siku moja alitania kwamba atamwombea mwenzake apate mchumba aghairi safari, na Kiherehere akamjibu kwamba mchumba hatoshi, labda afe. Tulicheka wote watatu. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Aliumwa kichwa Jumatatu. Alhamisi hakututambua. Jumamosi asubuhi daktari alitoka akatuambia kwamba homa ya uti wa mgongo haimpi mtu nafasi, akamshika mama kiwiko. Mama aliingia akamfumba macho mwenyewe.

Ratiba ya mazishi niliitengeneza mimi. Bosi wangu, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, alijitolea kumwita mtu mwingine, nikakataa. Katika kazi yetu hakuna anayeanza na ukurasa mtupu. Unafungua faili la zamani linalofanana na kazi mpya, unabadilisha ya kubadilishwa, unasevu palepale. Bosi hataki mteja mmoja awe na mafaili kumi. Husema kompyuta si ghala. Basi nilifungua maelezo binafsi ya Kiherehere, yale aliyoandika ya kuombea nafasi, kwa sababu yalikuwa tayari na picha yake, tarehe ya kuzaliwa, shule zote na yale aliyoyapenda. Juu yalikuwa kwa Kiswahili, kama idara yao ilivyotaka, na chini tafsiri ya lugha ya kule. Tafsiri niliifuta. Huku juu nilibadilisha kidogo sana. Nimesoma ikawa alisoma. Ninapenda ikawa alipenda. Natarajia, nikaitazama kwa muda, ikawa alitarajia. Nikaongeza tarehe ya pili pembeni ya ile ya kwanza, nikazungushia maua, nikasevu, nikatoa kopi mia na ishirini. Mashine haikukwama hata mara moja.

Barua ya kwanza iliingia siku ya tisa baada ya mazishi. Ilitoka kwa mama mmoja wa ofisi ya wageni ya kule, na ilimwuliza Kiherehere kama angependa dirisha la kutazama barabara au la kutazama bustani.

Nilikusudia kumwambia. Naapa nilifungua ukurasa wa kumwambia. Lakini barua ilianza kwa jina la mdogo wangu, lile la vyeti, na chini yake likaja swali ambalo mtu huulizwa akiwa hai. Kwa karibu wiki mbili kila aliyetuandikia na kila aliyeingia kwetu alisema alikuwa, alikuwa. Huyu peke yake alisema utakuwa. Nikatafuta katika barua za zamani, nikakuta mahali alipoandika kwamba anapenda kusikia watu wakipita. Nikaichukua sentensi hiyo kama ilivyo, nikaiweka, nikatuma.

Ndivyo nilivyofanya zote. Sikuandika neno langu. Nilikata kwake nikabandika, asante hapa, samahani kwa kuchelewa pale, utani wake kuhusu baridi. Nikigonga herufi mbili za kwanza za jina lake kompyuta ililimalizia yenyewe. Na nikikosea herufi, kisogo kilijikaza kungoja kofi. Sikugeuka nyuma. Lile boksi la rimu lilikuwa bado pale, na wateja waliotaka kuliketia niliwaambia litabonyea.

Nilimsomea mama. Sikukusudia hilo pia. Nilirudi jioni nikamkuta amekaa kwenye cherehani bila kushona, nikasema wameandika. Akauliza wamesemaje. Nikamsomea habari ya dirisha, na jibu. Akatikisa kichwa, akasema huyo barabara ndiyo saizi yake, bustani angeichoka siku ya pili. Kisha akaanza kukanyaga cherehani. Tangu siku hiyo kila nikiingia aliuliza wamesemaje. Asidhani mtu kwamba mama alichanganyikiwa. Kila Jumapili alikwenda kaburini kung'oa majani. Lakini jioni aliuliza.

Ikaja fomu ya kutaja mtu wa kupigiwa simu endapo mwanafunzi atapatwa na jambo. Barua za zamani hazikuwa na jibu la hilo. Nikaandika jina langu, uhusiano dada, na namba yangu. Kisha nikakaa nikiitazama simu iliyokuwa mezani kama vile italia.

Mwishoni mwa mwezi wa sita yule mama wa kule aliomba maelezo binafsi yatumwe tena, kwamba mwalimu atakayempokea Kiherehere anataka kuyasoma. Niliingia kwenye folda yake, nikachukua faili, nikaliambatisha, nikatuma, nikaendelea na kazi ya mteja aliyekuwa na haraka. Nilikuwa katikati ya kubana kitabu chake pini ndipo nilipokumbuka kwamba maelezo binafsi hayapo tena. Faili ni moja, jina ni lile lile, na ndani yake nilisevu mazishi.

Nilifungua nihakikishe. Picha yake, maua, tarehe mbili. Mtu anaweza asijue Kiswahili, lakini tarehe hazina lugha.

Siku mbili sikula vizuri. Niliona kwamba imekwisha, kwamba yule mama ameshajua, na ukweli niseme, nilipumua. Nilitaka anijue. Nilitaka aandike kwa hasira au kwa huruma, lolote, jambo litoke mikononi mwangu. Siku ya tatu jibu likaja. Asante, tumepokea maelezo yako na tumemkabidhi mwalimu. Kila kitu kiko sawa.

Nililisoma mpaka wateja wakapanga foleni. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Kama wameletewa ratiba ya mazishi na wamesema kila kitu kiko sawa, basi hakuna kitakachotokea upande wa kule cha kumzuia asiende. Angepewa chumba, angepewa funguo, angeandikwa kwenye orodha ya darasa. Wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, wakaleta kitufe cha kuthibitisha kwamba mwanafunzi anakuja. Bosi alikuwa amekwenda kunywa chai. Nilibonyeza. Sina cha kujitetea. Kidole kilikwenda.

Twiga alikuja Jumatano ya wiki ya baadaye, saa tatu asubuhi, kabla duka halijachangamka. Hakuwa amekanyaga dukani tangu msiba. Aliniamkia, nikaitikia, akasimama ameinama kidogo kama afanyavyo kwenye milango yote. Nilidhani anataka kopi. Akakaa kwenye benchi, akaegemeza mkoba magotini.

"Dada, sijui nianzeje. Usikasirike."

"Sema tu, mdogo wangu."

"Nimetoka idarani. Niliuliza nafasi ile imefikia wapi. Wameniambia haipo wazi, aliyechaguliwa amethibitisha. Nikawaambia haiwezekani. Wakanigeuzia kioo cha kompyuta nikaona mwenyewe. Amethibitisha Jumanne. Jumanne ya wiki iliyopita, dada."

Nilishika mashine ya pini nikaibana bila karatasi.

"Hizi kompyuta," nikasema. "Zina mambo."

"Ndivyo walivyosema na wao." Alinitazama usoni. "Lakini mimi nilikuwepo kaburini. Na nakumbuka nilichomtania, na alichonijibu. Unakumbuka?"

Nikasema sikumbuki. Twiga akanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba orodha ya akiba inafungwa Ijumaa saa sita mchana, na baada ya hapo nafasi ya mwaka huu inabaki kwa aliyethibitisha, awepo asiwepo. Mwaka ujao yeye atakuwa amemaliza chuo, hawamchukui tena. Idara inaogopa kuligusa jina la marehemu bila barua ya familia, na hakuna aliyekuwa na uso wa kuja kumwomba mama barua hiyo. Wamemtuma yeye. Amekataa. Ila amekuja.

"Sikuja kuiomba," akasema. "Nimekuja kukuambia kwamba kama bado anaitaka, mimi simnyang'anyi."

Alijaribu kucheka mwishoni, kama mtu aliyetania. Hakuwa ametania. Nilikuwa nimemtia hofu mtoto wa watu, mzima, mwenye akili ya kusomea maji, akaamini kwamba rafiki yake amekaa mahali fulani akimwekea kinyongo. Na ilikuwa Jumatano. Sikumwambia. Aliondoka akisahau hata kuaga.

Kesho yake nikamwambia mama. Nilimkuta anapiga pasi kola za mashati ya wanafunzi, yamepangwa kitandani pa Kiherehere kwa kuwa meza ilijaa. Nilimwambia habari ya Twiga yote, na kwamba kesho kabla ya saa sita lazima niandike. Hakunyanyua kichwa. Alipiga pasi kola moja, akaigeuza, akaipiga upande wa pili, akachukua nyingine. Nilihesabu kola sita.

"Ukiandika, hawataandika tena," akasema.

"Hawataandika tena, mama."

Kola ya saba.

"Huyo Twiga ni yule aliyelala hapa tukiwa na msiba? Miguu ikatokeza nje ya godoro?"

"Ndiye."

Aliweka pasi wima. Akasema nisiandike kwamba mwanawe alighairi. Watu wengi hughairi, akasema, wanaogopa baridi, wanaogopa ndege, wanapata wanaume. Huyu hakughairi.

"Waambie alikuwa anakuja," akasema. "Andika hivyo hivyo. Alikuwa anakuja."

Ijumaa nilifika dukani kabla ya bosi. Kwenye ukurasa wa chuo cha kule kulikuwa na mahali pa kujitoa. Kwanza walitaka uthibitisho kwamba anayejaza ni mwanafunzi mwenyewe. Nikaweka alama kwamba ndiyo, mimi ndiye. Kisha wakauliza sababu, na chini wakaorodhesha za kuchagua: afya, familia, masomo mengine, nimebadili mawazo, nyingine. Nilipeleka mshale kwenye afya, nikaurudisha. Nikachagua nyingine. Kikafunguka kisanduku kidogo cha kujieleza.

Nilirudi kwenye barua zake kutafuta cha kukata. Nilizipitia zote, tangu ya kwanza ya kujitambulisha mpaka ya mwisho ya kuomba vipimo vya kitanda. Hakuna mahali alipolisema hilo. Zote zilikuwa zinakwenda mbele. Basi, kwa kuwa nilikuwa nimeshakiri kwamba mimi ndiye, nikaandika kwa ulimi wake: nilifariki tarehe kumi na nne mwezi wa tano. Nikaitazama. Kisogo kikajikaza, nikangoja, na hakuna aliyenipiga. Nikajua kwamba nyuma yangu pana boksi la karatasi tu.

Nikaifuta. Nikaandika kwa lugha yangu ya kidato cha nne, makosa yakiwemo: Mimi ni dada yake. Amefariki mwezi wa tano. Barua za baada ya hapo nilijibu mimi, mnisamehe. Alikuwa anakuja. Nikatuma saa nne na dakika chache. Bosi aliingia akanikuta nimeinamia kibodi, akapitiliza kimya kwenda kuwasha mashine ya kopi, jambo ambalo huwa hafanyi.

Saa tano jibu lilikuwa limeingia. Tumepokea taarifa yako ya kujitoa. Tunasikitika kwamba hutajiunga nasi, na tunaheshimu uamuzi wako.

Saa nane Twiga akapigiwa simu na idara kwamba nafasi ni yake. Alikuja mbio, akagonga paji la uso mlangoni, na pale pale, huku akijisugua, nikamwambia ukweli. Kwamba Jumanne ile aliyethibitisha ni mimi. Alikaa kwenye boksi la rimu, nami nikamwacha akae. Nikajiandaa kutukanwa, na nilistahili.

"Dada," akasema mwishowe, "mimi tangu Jumatano nalala na taa."

Akalia, nikalia, mteja mmoja akachungulia akaondoka.

Jioni mama aliuliza wamesemaje. Nilifikiria kumsomea kitu kizuri cha kubuni. Nilikuwa nimeshazoea. Nikamsomea kama ilivyokuwa.

"Uamuzi wa nani?" akauliza.

Nikamweleza kwamba hiyo ni mashine, hujibu wote vile vile, hakuna aliyekaa kuiandika.

"Basi ongea na mtu."

Jumatatu nilimwomba bosi simu ya duka. Namba ilikuwa chini ya barua zote za yule mama wa kule, miezi yote hiyo, na sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kupigwa. Iliita kwa mlio mrefu tofauti na wa kwetu. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya mafua, mtu mzima, nikasikia akisogeza kikombe. Nilikuwa nimeandika sentensi zangu kwenye karatasi. Nikamsomea kwamba mimi ni dada wa fulani, kwamba amekufa, kwamba karatasi yenye maua waliyotumiwa ilikuwa ya mazishi yake, na kwamba hakughairi, alikuwa anakuja.

Kisha nikasikia akifungua vitu, karatasi au kompyuta sijui, na pumzi yake ikabadilika, nikajua ameiona picha.

Hakusema pole mara moja. Aliniomba nimtajie jina vizuri, kwa sababu, alisema, amekuwa akiliandika tangu mwaka jana na hajawahi kulisikia. Nikalitaja. Akalirudia, akakosea katikati. Nikalitaja polepole, silabi moja moja, namna mdogo wangu alivyonitajia maneno ya lugha ya kule. Akarudia tena. Mara ya tatu alilipata, isipokuwa mwishoni alilivuta kidogo, nami nikamwachia hivyo.